Kabla Mwali Haujafika: Utatuzi wa Injini Inayogonga, Inayofuka Moshi Mweupe au Isiyotii Joto

Fundi anayesikia injini ya petroli ikigonga mlimani huanza, kwa kawaida, na taimingi (wakati ambapo plagi hutoa cheche), plagi yenyewe na ubora wa mafuta. Hakosei kuanzia hapo, ila mara nyingi humaliza kazi bila kujua alichotengeneza, kwa sababu kinachogonga si mwali uliowashwa na plagi bali ni mchanganyiko wa hewa na mafuta ambao mwali huo ulikuwa bado haujaufikia. Mchanganyiko huo, ambao hapa nitauita gesi inayosubiri, haukai bure. Katika milisekunde chache unazobanwa na pistoni kutoka chini na mwali kutoka upande, unaanza kubadilika kikemia katika joto ambalo halitoshi kutoa moto wa kuonekana, na mwali unapoufikia haukuti tena petroli ile iliyotoka kwenye pampu ya kituo. Dizeli nayo hupitia hatua hiyohiyo, isipokuwa huko tunaitamani, na matatizo huja inapochelewa. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine, na kwa kila moja unauliza swali lilelile: mafuta yalikaa katika joto gani, na kwa muda gani, kabla ya mwali kufika?

Hatua ya baridi ni nini

Neno "baridi" lisikupotoshe, kwani tunazungumzia nyuzi 300 hadi 600 hivi za Selsiasi, joto la kuyeyusha risasi, ambalo ni baridi tu ukililinganisha na zaidi ya nyuzi 2,000 za mwali wenyewe. Molekuli ya mafuta ikinyang'anywa atomu moja ya haidrojeni hubaki radikali, yaani kipande kisichotulia, na katika joto hilo kipande hicho hushika oksijeni na kuwa radikali ya peroksi. Peroksi hujikunja, ikachukua haidrojeni kutoka sehemu nyingine ya mnyororo wake yenyewe, ikashika oksijeni ya pili, kisha ikakatika na kuachia radikali za haidroksili nyingi kuliko ile moja iliyoanzisha safari. Moja ikizaa mbili, na mbili zikazaa nne, joto hupanda ghafla kidogo na mwanga hafifu wa buluu hutokea, unaotokana na formaldehidi. Huo ndio mwali baridi, ambao mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliuona mwanzoni mwa karne ya 19, na ambao mwaka 2012 uliwashangaza watafiti wa Kituo cha Anga cha Kimataifa walipogundua kwamba tone la heptani, aina mojawapo ya mafuta, liliendelea kuungua hata baada ya mwali wake wa kuonekana kuzimika.

Kioja kinakuja joto linapozidi. Peroksi haiwezi kudumu katika joto kubwa, kwa hiyo oksijeni iliyoshikwa huachiwa kabla ya kufanya kazi yake, na uzazi ule wa radikali hufifia. Kuna ukanda, takribani kati ya nyuzi 450 na 650 kutegemea mafuta na shinikizo, ambamo ukiongeza joto mafuta huchelewa zaidi kuwaka. Nitauita ukanda wa kinyume, na msomaji aukumbuke, maana ndio unaowachanganya watu wengi. Baada ya ukanda huo haidrojeni peroksidi iliyokuwa ikijilimbikiza huvunjika, kwa kawaida joto linapokaribia nyuzi 700 na zaidi, na hapo moto halisi hulipuka. Shinikizo likipanda, mipaka yote hii husogea kuelekea joto kubwa zaidi.

Si kila mafuta huipitia hatua hii kwa bidii sawa. Heptani, yenye mnyororo mnyoofu, hujikunja kwa urahisi, ndiyo maana imepewa oktani 0. Aiso-oktani, yenye matawi mengi, hujikunja kwa shida na imepewa 100. Toluini, etanoli na metani karibu hazina hatua ya baridi kabisa. Namba ya oktani, ukiitazama kwa makini, ni kipimo cha uvivu wa mafuta katika kemia hii, na namba ya seteni ya dizeli ni kipimo cha wepesi wake.

Dalili ya kwanza: injini inagonga ikiwa imeelemewa, mizunguko ikiwa michache

Somo hili nililipata kwenye mlima Kitonga, barabara ya kwenda Iringa, ndani ya gari dogo la petroli lenye abiria watano na mizigo. Kwenye gia ya tatu, mizunguko ikiwa karibu 2,000 kwa dakika, injini ilitoa ule mlio mkavu wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Dereva aliposhusha gia hadi ya pili na mizunguko kupanda kupita 3,500, mlio ulikatika kama uliofungwa kwa swichi, ingawa mlima ulikuwa uleule na mafuta yaleyale.

Maelezo yake ni mbio za wawili. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, mpigo mmoja wa pistoni huchukua milisekunde 20, na kwa mizunguko 6,000 huchukua 5 tu. Gesi inayosubiri inahitaji muda ili hatua ya baridi ikamilike, na kadiri mizunguko inavyopungua ndivyo inavyopewa muda huo. Mshindani wake ni mwali, na mwali wa injini si ule uliotulia wa kibatari. Mwali uliotulia wa petroli katika hewa ya kawaida husogea chini ya nusu mita kwa sekunde, na injini ingekuwa haifai kama ungebaki hivyo. Kinachouokoa ni msukosuko wa hewa ndani ya silinda, ambao huukunja mwali kama kitambaa, ukaongeza eneo lake na kuufanya uvuke silinda kwa mita kumi na zaidi kwa sekunde. Msukosuko huo hukua karibu sambamba na kasi ya pistoni. Kwa hiyo ukishusha gia unafanya mambo mawili kwa pamoja: unainyima kemia muda, na unauongezea mwali mbio.

Tuliposimama juu, nilidondosha tone la petroli kutoka kwenye tangi juu ya karatasi nyeupe na kuliacha kivulini. Petroli safi hupotea yote na karatasi ikabaki kama ilivyokuwa. Hii iliacha duara la mng'ao wa mafuta, ukubwa wa shilingi mia, ambalo baada ya robo saa lilikuwa bado lipo na likinuka taa.

"Kijana, hiyo karatasi inasema nini?" mwenye gari aliniuliza.

"Inasema humu mna mafuta ya taa, mzee."

Mafuta ya taa yana minyororo ya kaboni 10 hadi 16, mingi yake minyoofu, na hakuna rafiki mkubwa wa hatua ya baridi kuliko mnyororo mrefu ulionyooka. Kiasi kidogo hushusha oktani kwa namna inayosikika. Kishawishi cha kuyachanganya kilikuwa tofauti ya bei, ndiyo sababu Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Kipimo cha karatasi si cha maabara na hakitoi asilimia, lakini hakigharimu kitu, nami nakifanya kabla ya kugusa spana.

Karatasi ikiwa safi, tafuta kinachoipasha gesi inayosubiri joto kupita kiasi au kinachouchelewesha mwali. Masizi yaliyoganda juu ya pistoni hupunguza nafasi, hivyo mgandamizo hupanda, na pia huzuia joto kutoroka kwenda kwenye maji. Radieta iliyoziba nusu, termostati inayofunguka kwa kuchelewa, na hewa inayovutwa kutoka karibu na eksozi badala ya mbele ya gari, zote huongeza nyuzi kadhaa mwanzoni mwa mgandamizo, na nyuzi hizo huzidishwa kufikia mwisho wake. Upande wa mwali, plagi dhaifu, mchanganyiko uliokonda na kile kibati cha kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa) kinachosaidia kuzungusha hewa, kikiwa kimekwama, humfanya mshindani huyu achelewe. Fundi anayerudisha taimingi nyuma kwa nyuzi chache ataunyamazisha mlio, ni kweli, kwa sababu anapunguza shinikizo la juu kabisa, lakini kama chanzo ni kibati kilichokwama basi amelipa kwa nguvu na mafuta kitu ambacho kingeondolewa kwa brashi na dawa ya kusafishia.

Tahadhari ya mwinuko: gari lisilo na turbo lililoishi Nairobi, kwenye mita 1,800 hivi juu ya bahari, huvuta hewa nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Likishuka pwani na kuanza kugonga, usifikirie mara moja kwamba limeharibika njiani. Linabana hewa nyingi zaidi, yenye joto zaidi, na udhaifu uliokuwa umejificha juu sasa umepata shinikizo la kuuonyesha.

Jinsi ya kutenganisha kugonga kwa kemia na kugonga kwa chuma

Hapa Dar es Salaam, ambako magari mengi yamefungwa mfumo wa gesi asilia, tuna kipimo ambacho wenzetu wa kwingine wangekionea wivu. Gesi hiyo ni metani kwa sehemu kubwa sana, na metani haina mnyororo wa kujikunja. Pandisha gari kilima kwa petroli, usikilize, kisha badilisha kwenda gesi na upande kilima hichohicho kwa gia na mizunguko ileile. Mlio ukipotea, chanzo ni gesi inayosubiri. Ukibaki vilevile, acha habari za mafuta na uangalie beringi za konrodi na pini ya pistoni. Kuna mtego mmoja: mwali wa metani ni mzito kidogo kuwahi, kwa hiyo mifumo mingine hufungwa na kifaa cha kusogeza taimingi mbele wakati wa gesi, na kifaa hicho kikishindwa kurudi, petroli itagonga bila kosa lake. Pima taimingi katika hali zote mbili kabla ya kutoa hukumu.

Ukifungua silinda hedi, ushahidi huwa wazi. Ukingo wa pistoni upande wa mbali na plagi unakuwa na vishimo vidogo, mkwaruzo wa msasa ukiupitisha ukucha, na kwenye kauri ya plagi hupatikana punje zinazong'aa, ndogo kuliko chumvi, ambazo ni alumini ya pistoni yenyewe. Sensa ya kugonga iliyofungwa kwenye bloku husikiliza mtetemo wa karibu mizunguko 6,500 kwa sekunde kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 85 hivi. Boliti yake ikikazwa kupita kiasi au ikilegea, husikia vibaya, na kompyuta ya gari hufanya maamuzi kwa uvumi.

Dalili ya pili: mafuta mawili ya oktani moja, tabia mbili

Malalamiko haya huonekana kama ya kubuni, lakini ni ya kweli. Oktani inayoandikwa kwenye pampu zetu ni ile ya utafiti, inayopimwa kwenye injini maalumu ya mizunguko 600 kwa dakika, hewa ikiingia na nyuzi 52. Kuna nyingine, ya mota, inayopimwa kwa mizunguko 900 huku mchanganyiko ukiingia na nyuzi 149. Mafuta ya kupimia, yaani heptani na aiso-oktani, hupata namba ileile katika vipimo vyote viwili kwa sababu ndiyo rula yenyewe. Petroli halisi hushuka katika kipimo cha pili, mara nyingi kwa namba 8 hadi 10, na tofauti hiyo huitwa wepesi wa kuathirika.

Sababu yake iko kwenye ukanda wa kinyume. Petroli yenye toluini au etanoli nyingi haina hatua ya baridi ya kutegemewa, kwa hiyo katika shinikizo kubwa na joto la wastani huvumilia sana, lakini haina pia ukanda wa kinyume wa kuikinga joto linapozidi. Petroli yenye minyororo mingi ya matawi hufanya kinyume chake. Matokeo ni kwamba injini ndogo yenye turbo na kipoza hewa, ambayo hubana sana hewa isiyo moto sana, hupendelea mafuta yenye tofauti kubwa kati ya oktani mbili, hali injini ya zamani isiyo na turbo inayoendeshwa kwa kasi juani huangalia zaidi oktani ya mota. Gari likigonga kwa mizunguko michache tu, sifa inayokosekana ni ile ya kwanza. Likigonga baada ya saa nzima ya mwendo kasi, ni ya pili, na kuhama kituo kunaweza kusaidia kuliko kununua namba kubwa zaidi.

Nitoke nje ya njia kidogo. Thomas Midgley, akifanya kazi chini ya Charles Kettering huko General Motors, aligundua mwaka 1921 kwamba tetraethili ya risasi huzuia kugonga. Leo tunajua chembe za oksidi ya risasi zilikuwa zikimeza radikali katika hatua ya baridi. Kusini mwa Sahara tuliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, na dunia nzima, kwa magari ya barabarani, mwaka 2021 Algeria ilipoacha. Anayekuuzia chupa ya "kiongeza oktani" isiyo na maelezo ya kilichomo huenda anauza kemia ya ukoo huohuo, na una haki ya kumuuliza ni ipi.

Dalili ya tatu: pigo moja kubwa, kisha kimya, kwenye injini yenye turbo

Tofautisha hili na kugonga kwa kawaida. Gari lina turbo na petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, mizunguko iko kati ya 1,500 na 2,500, mguu umekanyaga sana, na bila onyo unasikika mshindo mmoja au miwili kama nyundo. Pistoni inaweza kupasuka kwa tukio moja. Kurudisha taimingi nyuma hakusaidii hata kidogo, maana plagi ilikuwa bado haijatoa cheche.

Mshukiwa mkuu ni oili. Matone madogo yaliyochanganyika na petroli hutoka kwenye nafasi ya juu ya ringi na kuelea ndani ya silinda, na msingi wa oili ni minyororo mirefu yenye hamu kubwa ya hatua ya baridi. Kisafishio cha kalsiamu kilichomo kwenye oili huongeza uwezekano huo, hali kile cha magnesiamu hakifanyi hivyo, ndiyo maana daraja la oili la API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) liitwalo SN Plus lilitolewa mwaka 2018 na SP mwaka 2020, yote yakiwa na jaribio la kasoro hii. Soma mgongo wa dumu. Kama oili iliyomo ni ya daraja la zamani, ibadilishe kabla ya uchunguzi mwingine wowote, kisha uangalie kama kiwango chake kinapanda kwa kuchanganyika na petroli kutokana na safari fupi fupi, na umzoeze dereva kushusha gia badala ya kukanyaga.

Dalili ya nne: umezima swichi, injini inaendelea

Hii imebaki kwa magari ya kabureta. Swichi imezimwa lakini petroli bado inavutwa, mizunguko ni michache mno, muda ni mrefu mno, na chuma ni moto: hatua ya baridi hukamilika bila cheche. Punguza mizunguko ya sailensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa), safisha masizi, na uhakikishe vali ya umeme ya kukata petroli kwenye kabureta inafunga.

Dalili ya tano: dizeli inafuka moshi mweupe unaowasha macho asubuhi

Njombe au Limuru, mwezi wa Julai, alfajiri, na lori linakataa kuwaka huku likitoa wingu jeupe. Simama kando ya bomba na uvute pumzi mara moja, si zaidi. Harufu kali inayokereka puani na kutoa machozi ni ya aldehidi, formaldehidi ikiwemo, na inakuambia jambo la thamani: dizeli iliingia, ikapata hewa, ikaanza hatua ya baridi, ikakwamia hapo. Moshi mweupe usiokera, wenye harufu tamu na unaoambatana na kupungua kwa maji ya radieta, ni mvuke wa gasketi iliyoungua na haumo katika habari hii.

Hesabu ya haraka huonyesha kwa nini nyuzi chache za asubuhi zina uzito. Injini ya mgandamizo 17 kwa 1, ikivuta hewa ya nyuzi 30, huifikisha karibu nyuzi 435 pistoni inapofika juu, baada ya kuondoa joto linalopotelea kwenye kuta. Ikivuta hewa ya nyuzi 8 hufika 385 hivi. Ringi zilizochakaa zikiufanya mgandamizo uwe sawa na 13 kwa 1, unabaki na nyuzi 335, na hapo dizeli inayoingia hupoza hewa zaidi kwa kuchemka kwake. Umeshuka kutoka katikati ya hatua ya baridi hadi kizingitini pake. Betri dhaifu huongeza madhara, kwa sababu ikizungusha taratibu joto hupata nafasi ya kutoroka.

Kwa hiyo fuata mpangilio wa bei: betri na stata kwanza, kisha plagi za kupashia joto, ambazo huwa na upinzani mdogo sana, mara nyingi chini ya ohm 2, na isiyopitisha umeme kabisa imekufa, kisha nozeli zinazotiririsha badala ya kunyunyiza, na mwisho kompresheni. Wanaopulizia etha kwenye mdomo wa hewa hupata matokeo kwa sababu etha ni bingwa wa hatua ya baridi na hujiwasha kwenye nyuzi 160 hadi 180 tu. Kwa sababu hiyohiyo, ukiipulizia kwenye injini yenye plagi za kupashia joto zilizowaka, itawaka mapema pistoni ikiwa bado inapanda, na ringi zilizokuwa dhaifu zitavunjika.

Dalili ya sita: dizeli yenye kelele ngumu, moshi wa kawaida

Kelele ya dizeli hutokana na muda wa kusubiri. Kadiri hatua ya baridi inavyochelewa, ndivyo mafuta mengi zaidi yanavyoingia na kuchanganyika kabla ya kuwaka, na yote huwaka kwa mkupuo. Petroli iliyomwagwa kwenye tangi kwa bahati mbaya hufanya hivyo, na mafuta ya taa nayo kwa kiasi kidogo, pamoja na kuikausha pampu. Kwenye injini za nozeli za umeme, kelele inayotokea sailensa tu huelekeza kwenye mnyunyizo mdogo wa utangulizi: kazi yake ni kuzalisha joto na mazao ya mwali baridi ili mnyunyizo mkuu usisubiri, na nozeli iliyochakaa haiwezi tena kutoa kiasi hicho kidogo kwa usahihi.

Kinachotokea ndani kimechunguzwa kwa undani na mtandao wa maabara unaoratibiwa na maabara ya taifa ya Sandia huko Marekani. Katika jaribio lao la rejea, dodekani, mafuta yanayoiwakilisha dizeli, hunyunyizwa kwa shinikizo la baa 1,500 kwenye gesi ya nyuzi 627 yenye oksijeni asilimia 15. Mwali baridi huanza pembezoni, palipo na mafuta machache na joto la kutosha, kisha msukosuko huubeba, joto na radikali zake, kuelekea katikati penye mafuta mengi ambako pangechelewa sana kuanza penyewe. Moto halisi huwaka hapo, na baadaye mwali husimama umbali wa milimita kumi na kadhaa kutoka tundu la nozeli, ukilishwa na mazao ya hatua ya baridi yanayopita chini yake. Umbali huo ukifupika, hewa inayochanganyika kabla ya mwali hupungua na masizi huongezeka, jambo linaloeleza kwa nini mafuta ya seteni kubwa mno hayaleti moshi safi zaidi katika kila injini.

Dalili ya saba, kwa walio kwenye benchi la majaribio: joto limeongezwa, jibu limekwenda kinyume

Wanafunzi wa uhandisi huniletea hili kwa aibu, wakidhani sensa imekosea. Wameongeza joto la hewa inayoingia kwenye injini ya majaribio inayojiwasha bila plagi, nao mwanzo wa kuwaka haukusogea mbele, au umerudi nyuma. Kabla ya kubadilisha sensa, chora mkondo wa joto linalozalishwa kwa kila nyuzi ya krenki. Ukiona kilima kidogo kabla ya kile kikubwa, mko ndani ya ukanda wa kinyume, na kilima kidogo kinachopungua kadiri hewa inavyopashwa ndicho jibu. Katika ukanda huo hata sehemu iliyopoa kidogo ya silinda inaweza kuwaka kabla ya iliyo moto, kwa hiyo wastani wa joto la silinda hauwezi kutabiri chochote cha maana.

Kwenye kichomeo, dalili huwa kasi ya mwali wa msukosuko kutokurudia namba yake, ingawa joto, uwiano wa mafuta na nguvu ya msukosuko vimewekwa sawasawa. Watafiti wa Princeton walilionyesha hili kwa heptani iliyopashwa kabla ya kufika kichomeoni: muda ambao mchanganyiko ulikaa kwenye sehemu ya moto ulibadilisha kasi ya mwali, kwa sababu baada ya hatua ya baridi kilichokuwa kikiungua hakikuwa heptani peke yake bali mseto wake na formaldehidi, ethilini na vipande vingine. Pima urefu wa bomba lenye joto, gawanya kwa kasi ya mtiririko, na uandike muda huo kando ya kila namba unayotoa. Kisha chukua sampuli hatua chache kabla ya mdomo wa kichomeo na utafute formaldehidi; ikiwepo, usiilinganishe namba yako na ya mwenzako mpaka nawe ujue alikaa na mafuta yake kwa muda gani.

Mwigo wa kompyuta una kosa lake maalumu. Mekanismu kamili ya heptani, yaani orodha ya hatua zake zote za kikemia, ina kemikali zaidi ya 500 na hatua zaidi ya 2,500, kwa hiyo watu huipunguza, na mara nyingi peroksi ndizo hukatwa kwanza. Wengine huziacha, lakini hupima maendeleo ya mwako kwa kujumlisha monoksidi na dioksidi ya kaboni tu, gesi ambazo wakati wa mwali baridi huwa chache mno, hivyo hatua nzima hupita bila kuonekana na mwali husimama mbali mno na nozeli. Ongeza formaldehidi kwenye jumla hiyo, endesha tena kisa cha Sandia cha nyuzi 627, na ulinganishe muda wa kusubiri kabla ya kugusa modeli ya msukosuko.